Baluku, Bwambale na Mlima Stanley: Jina la Ukoo Linapotafutwa Kinyamaseke

Na Mwandishi Wetu, Kinyamaseke

Wana wanne wa baba mmoja na mama mmoja, wazaliwa wa nyumba iliyo karibu na barabara itokayo Kasese kwenda Mpondwe, waliviweka vitambulisho vyao vya taifa mbele ya karani wa benki ili wapewe akiba ndogo aliyoiacha marehemu baba yao. Na karani alipovisoma akakuta, mahali pa jina la ukoo, kwamba wa kwanza ni Baluku, wa pili Bwambale, wa tatu Masereka na wa nne Kule, ilhali marehemu mwenyewe, kwa mujibu wa daftari la benki, alikuwa Thembo.

Karani hakuwatakia ubaya. Alifundishwa kwamba watu wa nyumba moja hujulikana kwa jina moja, naye alikuwa akilitafuta jina hilo katika karatasi tano asilione. Basi akawarudisha nyumbani wakalete barua ya mwenyekiti wa kijiji, na barua ya wazee wa ukoo, na kiapo kilichoapwa mbele ya wakili, na kila mojawapo ya karatasi hizo ina gharama yake na siku zake.

Kisa hiki, ambacho wenyewe wametuomba tusiwataje, hakimshangazi mtu yeyote Kinyamaseke. Mji huu mdogo wa Munkunyu, wilayani Kasese, uliokaa katika tambarare ya joto, pamba na mahindi chini ya safu ya Rwenzori, wakazi wake walio wengi ni Wakonzo, na Wakonzo hawana desturi ya jina moja linaloshuka kutoka kwa babu hadi kwa mjukuu.

Tangu Mei 2025, Serikali ya Uganda ilipoanza kuwaita raia wahuishe vitambulisho vilivyotolewa mara ya kwanza mwaka 2014, jambo ambalo zamani lilikuwa la wazee wa ukoo limekuwa mazungumzo ya kila kibanda cha chai: je, watu hawa wamepungukiwa na kitu ambacho mataifa mengine yanacho, au ni fomu iliyouliza swali lisilowahusu?

MAJINA YA ZAMU

Kwa kaida ya Kikonzo mtoto huja na jina lake, wala hakuna haja ya baraza la kulitafuta. Mwana wa kiume wa kwanza ni Baluku au Mumbere. Wa pili ni Bwambale. Wa tatu Masereka. Wa nne Kule. Wa tano Thembo. Na mama akijaaliwa wa sita, huyo ni Mbusa. Mabinti nao wana zamu yao: Masika, kisha Biira, kisha Kabugho, kisha Mbambu, kisha Ithungu.

Mtoto akija kuugeuza mkondo, yaani mvulana aliyewafuata mabinti watupu au binti aliyewafuata wavulana watupu, huitwa Muhindo. Pacha ni Nguru na Ndobya.

Jambo ambalo mgeni aghalabu hulikosa ni kwamba hesabu hii ni ya mama, si ya baba. Mwanamume mwenye wake watatu aweza kuwa na akina Baluku watatu katika boma moja, na kila mmoja ni kifungua mimba wa mama yake, mwenye hadhi yake kamili, asiyemnyang'anya mwenzake cheo. Ajuaye kusoma majina haya husikia mengi katika neno moja: akisikia Ithungu hujua papo hapo kwamba mamaye amezaa mabinti watano kwa uchache.

> Hesabu hii ni ya mama, si ya baba.

Majina hayohayo yamesambaa ng'ambo ya mto Lhubiriha, upande wa Kongo, kwa Wanande wa Kivu Kaskazini, ambao ni ndugu wa Wakonzo kwa lugha na kwa damu, na ambao pamoja nao hujiita Wayira. Huko Baluku ni Paluku, Bwambale ni Kambale, Masereka ni Kasereka, Kule ni Kakule, Thembo ni Katembo. Biira ni Kavira na Mbambu ni Kahambu. Mtu aliyelivuka daraja la Mpondwe asubuhi akiitwa Bwambale aweza kuwa Kambale kabla ya adhuhuri, na hakuna aliyemdanganya mwenzake.

Mwanasiasa wa Kongo Antipas Mbusa Nyamwisi, aliyepata kuwa waziri wa mambo ya nje wa nchi ile, ametajwa katika magazeti ya dunia nzima kwa miaka mingi, wala sidhani kwamba waandishi wengi waliomtaja walijua kuwa jina la Mbusa ni la mwana wa sita.

KODI ILIPOZAA MAJINA

Wale wanaodhani kwamba jina la ukoo ni kitu cha maumbile, kama rangi ya macho, wangefanya vyema kuitazama nchi ambayo ndiyo iliyotuletea fomu hizi. Uingereza, kabla ya Wanormani kuiteka mwaka 1066, mtu alikuwa na jina moja tu, kama alivyokuwa nalo mtu wa Rwenzori. Na majina ya kurithiwa hayakuenea miongoni mwa watu wa kawaida mpaka karne ya 13 na ya 14.

Yalitoka katika visima vinne: mahali mtu alipokaa, kazi aliyoifanya, jina la baba yake, au lakabu aliyobandikwa na majirani. Kilichoyagandisha ni daftari. Kodi ya kichwa ilitozwa miaka ya 1377, 1379 na 1381, na mtoza kodi hakuridhika kuambiwa kwamba John amelipa, maadam kijijini mna akina John kumi; alitaka kujua ni John yupi. Watu walipoasi kodi hiyo mwaka 1381, kiongozi wao mashuhuri aliitwa Wat Tyler, ambalo ni jina la fundi wa kuezeka kwa vigae.

Mwaka 1538 makanisa ya Uingereza yaliamriwa kuweka daftari za ubatizo, ndoa na maziko, na tangu hapo jina lililokuwa sifa ya mtu mmoja likawa mali ya wanawe, hata kama mwana hakupata kushika kigae maishani mwake.

Wales, ambayo imepakana na Uingereza upande wa magharibi, mambo yalikwenda namna nyingine, na namna hiyo ndiyo inayotuhusu zaidi sisi. Waweli walihesabu nasaba kwa neno "ap", lifanyalo kazi ileile ya "bin" ya watu wa pwani yetu: fulani ap fulani ap fulani, mpaka pumzi imwishie msemaji. Lakini sheria za mwaka 1536 na 1543 zilipokifanya Kiingereza lugha ya mahakama zao, makarani walianza kuukata mnyororo huo na kushika pete moja tu ya mwisho.

Ap Harry akawa Parry, ap Rhys akawa Price, ap Hywel akawa Powell. Na kwa kuwa majina ya ubatizo yaliyopendwa wakati ule yalikuwa machache, wana wa John na wa David na wa William wakawa halaiki ya akina Jones, Davies na Williams wasiohusiana kwa lolote, hata vijiji vya Wales vikalazimika kuwatofautisha kwa kazi zao: Jones wa maziwa, Jones wa posta.

Mwenye kupita sokoni Kinyamaseke na kusikia watu wakisema Baluku wa bodaboda na Baluku wa kahawa ataona kwamba watu waliofungiwa katika majina machache hufikia shauri moja, hata kama wametenganishwa na bahari.

MTOTO WA DENBIGH

Katika ramani, kilele cha juu kuliko vyote vya Rwenzori, chenye mita 5,109, kimo katika Mlima Stanley, na jirani zake ni Speke, Baker, Emin, Gessi na Luigi di Savoia. Mingi ya milima hiyo ilipangiwa majina yake na msafiri wa Kiitaliano, Duki wa Abruzzi, alipoipanda mwaka 1906. Wakonzo, ambao waliwabebea wageni mizigo yao na kuwaonyesha njia, hawakuulizwa.

Sasa yafaa tujue jina hili la Stanley, ambalo limewekwa juu ya vichwa vya watu wasio na majina ya ukoo, lilifikaje huko.

Mwenye jina, yule msafiri mashuhuri wa Afrika, hakuzaliwa nalo. Alizaliwa Denbigh, Wales, mwaka 1841, mwana wa nje ya ndoa, akabatizwa John Rowlands; na mama yake aliitwa Elizabeth Parry, yaani jina lilelile la ap Harry tulilolitaja hapo juu. Alilelewa katika nyumba ya maskini ya St Asaph, akakimbilia baharini, akafika New Orleans, Marekani, mwaka 1859, na huko akajitwalia jina la mfanyabiashara wa pamba aliyeitwa Henry Hope Stanley.

Yeye mwenyewe alisimulia kwamba tajiri huyo alimfanya mwanawe. Mwandishi Tim Jeal, katika wasifu wake uliotoka mwaka 2007, ameona kwamba habari hiyo ni ya kutungwa, na mimi niliyesoma hoja zake sina la kumpinga.

> Jina lililowekwa juu ya mlima lilikuwa la kuazima hata kwa mwenyewe.

Jina lenyewe ni la mahali: Kiingereza cha kale kiliita hivyo uwazi wa mawe katikati ya mwitu, na mahali pa namna hiyo pako pengi, Staffordshire, Derbyshire, Durham na kwingineko. Ukoo mmoja wa Staffordshire ulilichukua ukakua nalo, hata Thomas Stanley akafanywa Earl wa Derby baada ya vita vya Bosworth mwaka 1485. Na kizazi hicho kilipoingia katika Serikali ya kikoloni, jina likapanda merikebu. Mji wa Stanley katika visiwa vya Falkland umeitwa kwa mmoja wao aliyekuwa waziri wa makoloni, na bustani kubwa ya Vancouver, pamoja na kikombe kinachoshindaniwa na wacheza magongo ya barafuni wa Amerika, vimeitwa kwa mwingine aliyekuwa gavana mkuu wa Kanada.

Lakini tawi lililofika Afrika halikuwa la damu hiyo. Lilikuwa la yule mtoto wa Denbigh, na lilitembea zaidi ya matawi yote: likafika Ujiji mwaka 1871, likashuka mto Kongo, likaacha nyuma yake Stanleyville, mji ambao tangu mwaka 1966 unaitwa Kisangani.

Mwaka 1887 Stanley aliondoka Unguja na mamia ya wapagazi wa Kiswahili, na Tippu Tip akiwa naye merikebuni. Na tazama tofauti: huyu wa pili, ambaye dunia ilimjua kwa lakabu, alikuwa nyumbani kwake Hamed bin Muhammed el-Murjebi, mtu ambaye jina lake lilimtaja baba yake na kabila lake pia, wala hakuhitaji kuazima la mtu. Tarehe 24 Mei 1888 Stanley aliiona theluji ya Rwenzori, na mwezi Juni wa mwaka uliofuata msafara wake ukapita chini ya milima hii hadi Katwe, kwenye ziwa la chumvi, huku Wakonzo wakiwasaidia dhidi ya Warasura, askari wa Kabarega wa Bunyoro. Ziwa kubwa lililo jirani akalipa jina la mwana wa mfalme wa Kiingereza, nalo mpaka leo ni Ziwa Edward, ukiondoa ile miaka michache ya sabini ambapo Idi Amin alilibandika la kwake.

Leo jina la Stanley limeshuka kutoka mlimani likaingia nyumbani. Liko katika orodha za shule pamoja na Wilson, Nelson, Milton na Livingstone, majina ambayo Uingereza ni ya koo, na huku Rwenzori yamekuwa ya ubatizo. Hata Omusinga wa Rwenzururu, ambaye ufalme wake ulitambuliwa na Serikali mwaka 2009, ni Charles Wesley Mumbere: Mumbere ni la mwana wa kwanza, na Charles Wesley ni jina kamili la mtunzi mashuhuri wa nyimbo za Kimethodisti, aliyezaliwa Epworth mwaka 1707, mwana wa kasisi ambaye ujanani mwake aliliandika jina la nyumba yao Westley kabla ya kuiacha ile herufi moja.

UKOO UNA DAFTARI LAKE

Itakuwa ni kuwadhulumu Wakonzo mtu akidhani kwamba kwa kukosa jina la kurithiwa wamekosa nasaba. Nasaba yao imo katika ekihanda, yaani ukoo, na huo hurithiwa kwa baba bila kukosa. Mtu ni Muswagha au Muhira, Musukali au Muhambo, Muthangi au Musu, na ukoo wake ndio unaomwambia asioe wapi, asile nini, na aketi upande gani kwenye matanga.

Hapo ndipo mna historia ya kuhama. Masimulizi ya wazee huwaleta kutoka mlima Masaba, ambao wengine huuita Elgon, wakapita Kitara hadi milimani, na kila ukoo una njia yake na vituo vyake. Baadhi yao wakashuka upande wa magharibi wakauvuka Semliki na kuenea katika nyanda za juu za Mitumba. Ndiyo maana anayefika wilaya za Beni na Lubero, nchini Kongo, huzikuta koo hizohizo zimekuwa majina ya tarafa za kimila: Baswagha, Batangi na Bamate huko Lubero, na Bashu huko Beni.

Mpaka ulipitishwa katikati ya watu hawa na wajumbe waliokutana Brussels mwaka 1910, Waingereza, Wabelgiji na Wajerumani. Kabla ya hapo, Mkataba wa Toro wa mwaka 1900 ulikuwa umewaweka Wakonzo wa upande huu chini ya Omukama, yaani mfalme, wa Toro, pamoja na kodi ya kibanda na watoza kodi wake. Na kwa kuwa Kitoro ndicho kilichokuwa lugha ya shule, kanisa na baraza, wapo waliojiandikisha kwa majina ya Kitoro ili mambo yao yaende. Machungu ya miaka ile ndiyo yaliyozaa vuguvugu la Rwenzururu mwaka 1962, likiongozwa na Isaya Mukirane, na mabishano ya nani mwenyeji na nani mgeni hayajakwisha.

> Katiba inamuuliza Mkonzo kama jamii ya babu yake ilikuwa Uganda tarehe 1 Februari 1926.

Hayo si mabishano ya barazani tu. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 humhesabu kuwa raia wa kuzaliwa yule aliyezaliwa Uganda ambaye mzazi au babu yake ni wa mojawapo ya jamii zilizokuwa ndani ya mipaka ya Uganda tarehe 1 Februari 1926, na Wakonzo wamo katika orodha hiyo. Lakini katika nchi ambayo Bwambale wa Bwera, upande huu, na Kambale wa Kasindi, ng'ambo ya mpaka, waweza kuwa wajukuu wa bibi mmoja, karani aliye Mpondwe hana jina la ukoo la kumsaidia kupambanua, naye akishuku, aliye mbele yake hana jina la kujitetea.

RAI ZINAZOSHINDANA

Wazazi vijana, hasa waliosoma na wale wenye jamaa zao Kampala, Ulaya au Uarabuni, wamekwisha kuamua. Huwapa watoto wao wote jina la baba au la babu, kwa sababu, wanasema, benki, ubalozi na shirika la bima havitaisoma hesabu ya tumbo la mama, na mtoto asiyelingana jina na babaye husimamishwa uwanjani kama mwizi. Hoja yao ni nzito. Wale wana wanne tulioanza nao, wangeandikwa kwa jina la baba yao, wangetoka benki siku ileile.

Wazee hujibu kwamba mwenye kuliondoa jina la zamu amemwondoa mama. Ukoo ni wa baba; jina ni la mama; na kwa mizani hiyo mtoto wa Kikonzo hubeba pande zote mbili. Mkilitwaa jina la baba mkaliweka mahali pa Baluku, wasema, baba atakuwa na ukoo na jina pia, na mama hatakuwa na kitu. Huongeza kwamba Masika akiolewa hubaki Masika hadi kaburini, wakati mke wa Kizungu huacha jina lake mlangoni mwa mumewe. Mzee mmoja wa Kinyamaseke, ambaye alitusikiliza tukimweleza habari za akina Jones kwa uvumilivu mkubwa, alituuliza tu kama Waweli hao waliwahi kupata nafuu.

Kundi la tatu ni la wale wanaotaka ukoo wenyewe uandikwe: Muswagha, Muhira na kadhalika, ili kitambulisho kimoja kitaje asili na kumtenganisha mtu na wengine. Rai hii ina mvuto, lakini naiona ina kasoro mbili. Ya kwanza, Waswagha peke yao ni umati, nasi tutakuwa tumekimbia halaiki ya akina Baluku tukaangukia halaiki ya akina Muswagha.

Ya pili ni ya kutisha zaidi. Nchi hii imeona Novemba 2016, jeshi lilipoishambulia ikulu ya Omusinga mjini Kasese, na watu zaidi ya 100 wakauawa. Na penye majeraha ya namna hiyo si busara kuutundika ukoo wa mtu juu ya kadi anayoionyesha kwenye kila kizuizi.

Upande wa Kongo kuna jaribio la kutazama. Rais Mobutu alipopiga marufuku majina ya Kikristo mwaka 1972, kila raia wa Zaire, kama nchi ile ilivyoitwa wakati huo, alitakiwa awe na jina na jina la nyongeza, na tangu majina ya ubatizo yaliporuhusiwa tena mwaka 1990, mtu wa Beni huandikwa majina matatu: Kambale, kisha jina la pili la kwake au la jadi yake, kisha la ubatizo. Kusudi la Mobutu lilikuwa la kisiasa, wala simsifu; ila kwa bahati jina la zamu lilipata mahali pake katika karatasi, na la jadi likapata lake.

KOSA LIMO KATIKA MSTARI

Kwa maoni yangu hapa ndipo penye ufumbuzi, nao ni mdogo kuliko kelele zake. Kitambulisho cha Uganda kina mahali pawili, pa jina la ukoo na pa jina alilopewa mtu. Na makarani, kwa kuona Stanley ni la Kizungu na Baluku ni la Kiafrika, wamekuwa wakiliweka la kwanza mahali pa kupewa na la pili mahali pa ukoo. Kwa hakika ni kinyume. Baluku ndilo jina la mtu mwenyewe, na mahali pake ni pa jina la kupewa, pamoja na la ubatizo. Na mahali pa ukoo pakae jina ambalo nyumba nzima imekubaliana, la babu au la babu wa babu.

> Baluku ndilo jina la mtu mwenyewe, na mahali pake ni pa jina la kupewa.

Hivyo mama hakosi hesabu yake, na karani hakosi jina lake moja. Waingereza walichukua karne nyingi kulifikia hilo kwa kusukumwa na watoza kodi, na Waweli walilipata kwa pupa wakabaki na majina machache yasiyowatosha. Wakonzo wana nafasi ya kulichagua wenyewe, kwa macho mawili, kabla mashine ya Kampala haijawachagulia.

Wapo watakaosema kwamba namba ya utambulisho yenye tarakimu na herufi 14, ambayo kila raia aliyeandikishwa anayo, imekwisha kuyamaliza mambo haya, kwa kuwa hakuna wawili wenye namba moja. Namba humtenga mtu na wengine. Haimuungi na baba yake, na wale wana wanne wa Kinyamaseke walikuwa nazo namba zao zote mkononi.

Mtu mzima anayetaka kubadilisha jina lake itampasa alitangaze katika Gazeti la Serikali, kwa gharama ambayo mkulima wa pamba wa Munkunyu hataipata kwa urahisi, na kwa hiyo si wengi watakaoifuata njia hiyo. Lakini kwa mtoto ambaye bado hajaandikishwa hakuna gharama ila kikao. Tunawasihi wazazi wa Kinyamaseke, Bwera na Kisinga wawaite wazee wa pande zote mbili, wa baba na wa mama, waulize jina la babu wa tatu na la nne, waliandike katika daftari la nyumbani pamoja na ukoo na mahali alipozikwa, na wakubaliane jina litakaloshikwa na watoto wote, kabla hawajafika mbele ya karani. Na wakifika, wamwambie wazi kwamba Baluku haliandikwi mahali pa ukoo.